Mzungu wa Betri Zilizochoka

Enzi zetu betri zilianikwa juani kama dagaa wa omena. Mliokulia kwenye ploti za Kangemi na Riruta mnajua ninachosema. Redio ikianza kukoroma, mzazi hakukimbilia dukani. Alizitoa betri zote nne, akaziuma kidogo kwa meno ya nyuma, kisha akamtuma mtoto azipange juu ya bati. Jioni zilirudi ndani ya redio zikiwa bado na joto la jua, na redio ikaongea tena, si kwa nguvu, lakini kwa adabu. Kijana wa leo simu yake ikibaki asilimia kumi hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Sisi tuliishi kwenye asilimia kumi mwaka mzima, na hatukujua kwamba tuna shida.

Ninaandika haya wiki tatu baada ya kumzika dada yangu Roda. Sikusoma sana. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo mikono yangu imekuwa ikishona viti vya sofa pale Dagoretti Corner, kando ya barabara, kwa hiyo msitarajie maneno makubwa. Nataka tu kukumbuka jambo moja sawasawa. Kwenye matanga niliwasikia watu wa rika langu wakisema kwamba enzi zetu watoto walikuwa na nidhamu, na mimi nikatikisa kichwa kukubali, na haikuwa kweli. Hatukuwa na nidhamu. Tulikuwa na woga, na woga ukikaa kimya vizuri hufanana sana na nidhamu.

Ploti yetu ya Kangemi ilikuwa na vyumba kumi vilivyotazamana, mfereji mmoja wa maji ya bomba katikati, na choo cha shimo mwishoni, nyuma ya kamba za kuanikia nguo. Tulicheza bano, zile gololi za kioo, kwenye vumbi, na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za katani. Mama wa chumba cha tatu akipika chapati, harufu yake ilikuwa mali ya ploti nzima, na watoto tulikaa karibu na mlango wake tukisoma vitabu kwa bidii ambayo walimu wetu hawakuwahi kuiona.

Baba alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji. Kazi yake ilikuwa kubeba faili kutoka mlango huu hadi ule bila kuzifungua, na aliifanya kazi hiyo hata akiwa nyumbani. Habari zote alizibeba hivyo hivyo, zikiwa zimefungwa. Sukari ikikosekana dukani hakusema imekosekana. Alisema, "Leo tutakunywa chai bila sukari, ni nzuri kwa meno." Akitaka kutaja jina la mkubwa fulani, alifunga dirisha kwanza, hata kama alikuwa anamsifu. Na kila tulipocheka kwa sauti kubwa kidogo alituinulia kidole na kusema, "Serikali ina masikio." Nilipokuwa mdogo kabisa niliamini masikio hayo yalikuwa ndani ya ukuta wa mabati, upande wa jirani.

Shuleni nako kulikuwa na diski. Kilikuwa kibao kidogo chenye kamba. Mtoto aliyesikika akisema Kiswahili au lugha ya kwao alivishwa shingoni, na njia pekee ya kukivua ilikuwa kumngoja mwenzako akosee, umvishe yeye. Aliyelala nacho alichapwa asubuhi. Watu wa rika langu hukikumbuka kibao kile wakicheka, wakisema ndicho kilichotufunza Kiingereza. Mimi Kiingereza hakikunikaa. Kilichonikaa ni ile kazi nyingine, ya kutega sikio na kutoa jina la mwenzangu ili mimi nipumue.

Mama aliuza mitumba katika soko la Kangemi. Mzigo mpya ukifunguliwa, kazi ya Roda ilikuwa kupekua mifuko. Nyumbani sheria ilikuwa moja: nguo ni za mama, kilichomo mfukoni ni cha aliyekipata. Roda alipata tikiti za treni za nchi za watu, sarafu zisizonunua kitu, na siku moja meno ya bandia, ambayo alinitisha nayo kwa mwezi mzima. Alikuwa darasa la saba, mimi la tano. Alikuwa na sauti ambayo mama alisema ilikusudiwa mtu mwenye mwili mkubwa zaidi.

Siku ninayoitaka ilileta koti jeusi la ngozi lililojaa pini kila mahali, mabegani, kolani, mpaka mikononi, utadhani fundi alilisahau katikati ya kazi. Mama alilihurumia. Alizing'oa pini zote akawagawia kina mama waliokuwa na watoto wachanga, wafungie nepi, na koti lenyewe likanunuliwa na mwinjilisti, aliyelivaa kwenye mikutano ya injili mpaka likachanika. Mfukoni mwa koti Roda alipata kanda ya kaseti. Kwenye kasha lake kulikuwa na picha ya mwanaume aliyevaa suti na tai, na mahali pa kichwa palikuwa na kufuli kubwa. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye Kiingereza cha herufi ndogo kama mchanga.

Mama aliitazama ile tai. "Ni mhubiri huyo," akasema. "Weka tusikie."

Betri zilikuwa zimeanikwa siku mbili kabla na jua lake lilikuwa karibu kwisha. Kanda ikazunguka polepole. Ngoma zilipigwa mojamoja, kama mtu anayepigilia misumari ya jeneza bila haraka. Gitaa liliburuta miguu kama ng'ombe aliyetembezwa kutoka mbali hadi machinjioni. Halafu ikaja sauti ya mwanaume, nzito, ya chini kabisa, ikilivuta kila neno mpaka unasahau lilianzaje.

Mama aliacha kupanga nguo. "Maskini," akasema. "Huyu mzungu amefiwa."

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye ploti yetu. Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula, redio iliwekwa dirishani ikitazama uwanja, na baada ya nyimbo za kwaya mtu alisema, "Sasa tuwekeeni yule mzungu anayelia." Mama Makokha wa chumba cha saba alikuwa amezika mtoto mchanga mwaka ule. Alileta mtungi wake wa plastiki wa maji, akaugeuza, akaukalia chini ya dirisha letu, na alipenda hasa wimbo wa tano, ambao mzungu alirudia maneno yaleyale mwanzo hadi mwisho kama mtu anayeuliza kitu asichojibiwa. Ukiisha aliujaribu mfereji, akachota maji, akaenda zake. Wanawake waliuimba ule wimbo kwa pua wakifua nguo. Hata baba aliupenda. "Huyu ana heshima," alisema. "Hapandishi sauti."

Nawaambia ukweli, sijawahi kuona kanda iliyopendwa vile na watu wasioelewa hata neno moja.

Aliyetaka kuelewa alikuwa Roda peke yake. Aliazima kamusi kwa mwalimu wake, na kila jioni alijificha nyuma ya kamba za nguo na ile karatasi, akitafuta neno moja baada ya jingine. Ilimchukua wiki nyingi. Siku moja aliniita kwa mkono, si kwa sauti, na hilo peke yake lilinitisha.

"Zaka, unajua huyu mtu anasema nini?"

"Analia. Amefiwa."

"Hajafiwa na mtu. Anatukana serikali yao."

Nilitazama nyuma yangu, kisha nikautazama ukuta wa mabati.

"Wacha kuangalia huko, sikiza. Huu wa kwanza anasema wakubwa wanapeleka watoto wa maskini vitani na wao wenyewe wanabaki wakila. Huu anasema polisi wanapiga watu kwa kutembea tu. Huu anasema kuna nyumba tupu zimefungwa na watu wanalala nje."

"Na ule wa Mama Makokha?"

Roda alikunja uso akasoma kwa kidole. "Ule ni swali moja tu. Wewe unayenisikiliza, umenyamazia nini?"

Nikamwuliza jambo ambalo mtoto yeyote wa tarishi angeuliza. "Walimuua?"

"Hapana, na ndiyo maana nimekuita." Akanionyesha sehemu ya chini ya karatasi. "Ona. Wameandika majina yao. Wako wanne. Majina kamili, na anwani ya kuwaandikia barua, Zaka. Na wako hai wote wanne."

Tuliyatazama yale majina kwa muda mrefu. Siku hizi wasomi huandika mengi kuhusu muziki wa aina ile, kwa nini uliwapendeza watu, mavazi yake, nywele zake zilizosimama. Sisi hatukujua kwamba una jina, wala kwamba kuna nywele. Kilichotupendeza sisi wawili ni kwamba mtu alisema jambo kama lile, akaweka jina lake chini, na kesho yake akaamka akanywa chai.

Hatukumwambia yeyote. Jumapili iliyofuata wazee wakainamisha vichwa tena mbele ya dirisha letu, na Roda akakaa pembeni yangu akijiuma mdomo asicheke. Nilijua kwamba tunamiliki siri kubwa kuliko ploti. Zile Jumapili chache ndizo nilizokuwa na furaha kamili maishani, na ninalisema hilo nikiwa mtu mwenye mke na watoto.

Kisha ikaja sikukuu ya taifa, na mkubwa wa nchi alikuwa atoe hotuba. Baba, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alinunua betri mpya nne. Hakutaka hotuba isikike ikikoroma, mtu asije akasema redio ya tarishi inamdhihaki mkubwa. Watu walileta viti vyao uwanjani. Kiti cha mbele alipewa Mzee Kioko, keateka, yaani msimamizi wa ploti, mtu mkimya aliyetushonea mpira wetu kila ulipopasuka. Ploti nzima iliamini kwamba Mzee Kioko humpelekea chifu habari. Hakuna aliyewahi kumwona akizipeleka. Lakini alikuwa mkimya, na sisi tulijua watu wakimya huwa wanabeba nini.

Zilibaki dakika chache. Baba alikuwa na furaha ya mwenye redio. "Hotuba bado," akasema. "Hebu kwanza tuburudike na yule mzungu wetu." Roda akanishika mkono kwa nguvu. Baba akabonyeza.

Sijui niwaeleze vipi. Betri mpya zilikuwa na nguvu zote za dunia. Zile ngoma za kupigilia jeneza zikawa mvua ya mawe juu ya bati. Gitaa likapiga yowe. Na yule mzungu wa huzuni, aliyekuwa amefiwa zaidi ya mwaka mzima, akalipuka kwa sauti nyembamba ya hasira, akibweka na kupumua na kubweka tena, haraka kama mtu anayekimbizwa. Kuku walitawanyika. Mtoto mchanga, nepi yake ikiwa imefungwa kwa pini za lile koti, alianza kulia. Mama alisimama, akaiuliza redio, "Na huyu ni nani tena?" Baba alitafuta kidude cha kupunguza sauti, akakizungusha upande usiofaa.

Roda alikuwa anaruka. Si kucheza, hakuna aliyekuwa amemfundisha kucheza kitu kama kile. Alikuwa anaruka tu kwa mguu mmoja, kisha wa pili, amefunga macho, mdomo wazi, akizipokea zile kelele kama mtu aliyepata mvua baada ya kiangazi. Muda wote tulikuwa tumempunguza yule mtu bila kujua. Sasa alikuwa amefika mzima.

Baba akaing'oa betri moja kwa kucha. Watu wote walimtazama Mzee Kioko. Yeye aliitazama redio kidogo, akasema, "Betri nzuri hizo."

Ni hayo tu aliyoyasema. Hotuba ikasikilizwa, ikapigiwa makofi kwa nguvu zaidi ya desturi, na watu wakaenda zao. Lakini maneno yale matatu yalimvunja baba. Alikuwa na maana gani? Betri nzuri, kwamba ameisikia vizuri? Kwamba atakumbuka? Wiki nzima baba alikula nusu chakula. Alirudi nyumbani na kikombe chake cha ofisini kwenye mfuko wa koti la kaki, ili wakija kumchukua kisibaki huko. Roda alikuwa ameificha kanda. Baba alimwuliza mara moja, naye akasema haijui iliko, akamtazama machoni.

Basi baba akaja kwangu. Nilikuwa mferejini nikijaza ndoo. Hakunipandishia sauti. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, na nikaona kwamba midomo yake imekauka. "Zakayo," akasema, "nikifutwa kazi tutarudi nyumbani kijijini, na huko hatuna hata banda. Niambie."

Nikamwambia. Ilikuwa chini ya unga, kwenye mkebe.

Hakuna aliyenipiga wala kuniahidi kitu. Nilihisi tu ile nafuu ya kuivua diski shingoni. Baba alikwenda chooni na kitu kwenye kwapa, na kutoka pale mferejini nilisikia kikianguka shimoni.

Jioni Roda alitia mkono ndani ya mkebe mpaka kiwiko. Aliutoa ukiwa mweupe wa unga, akanitazama. Nami nikasema, bila kuulizwa, "Nilimwona Mzee Kioko akitoka hapa." Baba alikuwapo. Alisikia. Aliinua kikombe chake cha chai, akanywa, na kukirudisha mezani taratibu sana. Hivyo ndivyo mimi na baba tulivyokuwa marafiki.

Roda hakumsalimu Mzee Kioko tena. Aliwafunza watoto wa ploti kumwimbia "Mwizi wa kanda! Mwizi wa kanda!" kila alipopita na sindano yake ya mpira, na watu wazima, badala ya kutuchapa, walifurahi kwamba hatimaye kuna lawama ya kumtwika. Hakuwahi kujibu. Hakuna chifu aliyekuja. Hakuna askari aliyekuja. Baba alibeba faili zake zikiwa zimefungwa mpaka alipostaafu. Siku hizi nafikiri labda yule mzee alimaanisha kwamba betri zilikuwa nzuri. Alipofariki, sisi tukiwa watu wazima, Roda alisema, "Siendi kumzika mwizi." Mimi nilikwenda. Nilikaa viti vya nyuma, nikala wali wao.

Roda alikua na sauti yake ile. Alichuuza nguo barabarani katikati ya jiji kwa miaka mingi, akikimbizwa na kanjo, wale askari wa jiji, akikamatwa, akiachiliwa, akirudi palepale. Siku moja nilimwona kwa mbali amesimama mbele ya gari lao, mzigo kichwani, akiwauliza maswali kwa sauti iliyowafanya wapita njia wote wasimame. Nilivuka barabara nikapitia upande mwingine, ili nisijulikane kuwa nduguye. Yeye alikuwa betri mpya. Mimi nilibaki ile ya kuanikwa.

Binti yake anaitwa Nafula. Ni wa hawa vijana wa leo, ambao sisi tunawasema sana. Hawajui kuwasha jiko la makaa, na wakipika mayai wanayapiga picha kabla ya kuyala. Vijana walipokuwa wakienda mjini kuandamana, nilimpigia simu nikamwambia kama nilivyoambiwa. "Nafula, serikali ina masikio."

"Si ndiyo maana tunapiga kelele, anko?" akasema. "Ingekuwa haina masikio tungekaa nyumbani."

Nikamwuliza kama amebeba maji ya kunywa.

Mwaka huu figo za Roda zilichoka. Nilikwenda kumwona hospitalini nikiwa nimejiandaa kumwambia habari za ule mkebe. Niliyapanga maneno njia nzima. Nilipofika nikazungumza juu ya mvua. Nikazungumza juu ya bei ya sponji za viti. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Zaka, siku yangu ikifika mniwekee yule mzungu. Ule wimbo wa tano."

"Kanda iko wapi, Roda?"

"Si iliibiwa na yule mzee. Wewe tafuta." Akapumzika kidogo. "Na iwe ya betri kuisha, si ya betri mpya. Mama asishtuke."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Nilimwambia, "Nitatafuta," nikamrekebishia mto. Siku nne baadaye Nafula alinipigia simu.

Kwa hiyo nilikuwa na deni la wimbo mmoja, na wimbo wenyewe ulikuwa shimoni kwa mkono wangu. Nilimwendea Nafula kwao Riruta, nyumba ikiwa imejaa watu wa matanga, tukatafuta kona jikoni. Nikamweleza. Jina la wale watu wanne nilikuwa nimelisahau. Akaniambia niuimbe kwa pua mbele ya simu, simu itatambua. Niliuimba wote, kwa heshima, kama tulivyouimba mferejini. Simu ikafikiri, ikasema haijui.

"Ulikuwa polepole hivi?"

"Kwetu, ndiyo. Betri zilikuwa zimechoka."

Akanitazama, kisha akainama juu ya simu akaifanyia sauti yangu kitu, akaiharakisha mpaka nikawa kama mbu, akaichezea simu nyingine hiyo sauti ya mbu. Hazikupita hata sekunde kumi. Picha ikatokea: suti, tai, kufuli.

Aliufungulia wimbo kama ulivyotungwa. Nilikuwa naisikia ile kasi kwa mara ya pili maishani, na mguu wangu wa kulia ukaanza kupiga sakafu bila kuniuliza. Nafula alikuwa anasoma maneno yanavyopita. "Umenyamazia nini," akasema polepole. "Anko, huyu ni mkali! Kwani kanda yenu iliendaje?"

Nikamwambia yote, mkebe, baba, choo, na Mzee Kioko. Nilisema nikitazama sufuria za matanga. Nilitarajia alie, au anipandishie sauti ya mama yake. Akafunika sufuria moja, akasema, "Mama alipoteza kanda tu. Huyo mzee alipoteza jina. Kama unataka kuomba msamaha, si unajua wa kuombwa?"

"Alishakufa."

"Basi sema mbele ya watu, kama vile mlimwimbia mbele ya watu."

Akaanza kuupunguza ule wimbo kwa kidole, mwendo na sauti pamoja, mpaka ngoma zikaanza tena kupigilia misumari. "Hapo?" akauliza. "Bado," nikasema. "Kidogo tena. Hapo." Akatabasamu. "Sisi pia tunapenda nyimbo zikiwa hivi, anko. Tunazipunguza makusudi, ndio zituingie."

Ibada ilifanyika Kangemi, kwenye hema, kabla ya basi kuondoka na mwili kwenda nyumbani. Nilipewa dakika tatu kwa niaba ya familia. Nilisimama nikasema, "Kanda ya Roda haikuibwa na Mzee Kioko. Niliitoa mimi, baba akaitupa chooni, na mimi nikamsingizia mzee wa watu. Hakuwahi kuiba kitu." Nikasikia mtu nyuma akimnong'oneza mwenzake, "Kanda gani?" Mama mmoja akasema, "Bwana asifiwe!" Mshereheshaji akanishukuru kwa ushuhuda mzuri, na watu wakapiga makofi. Waliokuwa na haki ya kukasirika walikuwa wote wamelala makaburini, isipokuwa mmoja, aliyekuwa ndani ya jeneza mbele yangu. Kukiri nako kuna muda wake, na wangu ulikuwa umepita zamani.

Kisha pasta akatangaza wimbo aliouchagua marehemu, na Nafula akaunganisha simu na spika.

Mzungu akaanza kuvuta maneno yake. Wazee wakavua kofia. Pasta alifumba macho, na kila mzungu alipofika mwisho wa swali lake, pasta aliitikia kwa upole, "Amina." Pembeni, marafiki wa Nafula walikuwa wamesimama wakiangalia chini, mabega yakitikisika, na sikujua kama ni kwa kicheko au kwa kilio, na sidhani kama wao walijua.

Enzi zetu tulimpunguza mtu huyu kwa sababu betri zilikuwa zimechoka. Leo watoto wetu wana moto wa kutosha. Wao wanampunguza kwa kupenda, ili wazee wao wamsikilize bila kutawanyika kama kuku. Tunasema vijana wa siku hizi hawana heshima. Nilimwona Nafula pale, kidole juu ya simu, akimlinda bibi yake asishtuke, na nikajiuliza ni nani kati yetu aliyewahi kumlinda mtu kwa kitu kingine zaidi ya kunyamaza.

Mama alikuwa ameketi karibu na jeneza, leso begani. Masikio yake hayasikii vizuri siku hizi, na ushuhuda wangu ulimpita. Lakini ule wimbo ulimfikia. Aliinua kichwa, akatega sikio, akanishika mkono.

"Zakayo," akasema, kwa sauti iliyosikika hema zima. "Si ni yule mzungu wetu? Kumbe bado analia."